Makadirio ya Mpangaji wa Juu

Asharh, tarehe 3

Mwezi wa Asharh, na mvua imeanza rasmi. Ma, mama yangu, ametandaza magazeti chini ya dirisha, analalamika kwamba magoti yake yalijua tangu juzi. Mimi nimerudi na viatu mkononi, lakini furaha haikuniishia njiani: Hiru-babu amenipa nyumba ya Kichochoro cha Nilmadhab.

Hiru-babu, maana kwetu "babu" ni "bwana", ndiye mwajiri wangu, Hiranmoy Saha, promota. Hapa Kolkata promota ni mtu anayechukua nyumba iliyochakaa ya marehemu fulani, akawapatanisha warithi wasiosalimiana, akaibomoa na kusimamisha fleti. Kazi yangu mimi, Sutapa, ni kumwambia kabla hajagusa tofali kama atapata au atalia. Wenzangu wa ofisi nyingine huandika makadirio kama barua ya posa, bwana harusi hana kasoro hata moja. Mimi huandika safu tatu, ya heri, ya kati na ya shari, na kando ya kila namba naweka sababu yake. Ndiyo maana Poddar-ji, mwenye fedha, hasomi karatasi isiyo na jina langu. Najisifu? Najisifu. Shajara ni yangu.

Safari hii kuna jambo la zaidi. Mradi ukipita, Hiru-babu ataniuzia fleti moja humo kwa bei ya gharama. Nyumba yenye lifti. Ma hatapanda tena ngazi hizi zetu, zilizojengwa na mtu aliyechukia wanadamu.

Asharh, tarehe 9

Nimekwenda Nilmadhab. Warithi wote wametia saini, wa London, wa Pune, na yule wa Behala anayeshuku kila mtu. Wapangaji wa chini wamelipwa wakaondoka. Amebaki mmoja, ghorofa ya juu: Bibhabati Sanyal, mjane, umri themanini na moja. Ameishi pale tangu alipoolewa. Sheria inamlinda, na kodi yake haitoshi kununua samaki ilish mmoja wa msimu huu. Fedha za kuhama amekataa mara tatu.

Nilibeba boksi la sandesh, peremende za maziwa, maana huwezi kwenda kwa mtu mzima mikono mitupu. Ni mwembamba, sari nyeupe, miwani imefungwa uzi. Nilimwita Mashima, shangazi, kama tunavyowaita kina mama wote wa umri wake. Nikauliza maswali yangu matatu, kwa upole, kati ya chai na peremende.

"Mashima, usingizi unapata?"

"Nalala kama gunia."

"Dawa unatumia zipi?"

"Tangawizi."

"Na ngazi hizi? Unapanda mwenyewe?"

Akacheka. "Wewe binti ni daktari au umeletwa kunichumbia?"

Akainuka, akachukua ndoo ya bati, akashuka uani. Bomba la juu lilikatwa na warithi miaka mingi iliyopita, wakidhani kiu itamtoa. Nilisikia maji yakijaa. Nikamsikia anapanda, ndoo ikigonga kila kidato: ngo, ngo, ngo. Akafika, akaitua mbele yangu, hakuhema.

"Haya. Andika," akasema.

Asharh, tarehe 10

Watu hudhani faida ya nyumba imekaa kwenye bei. Bei unaijua, mtaa mzima unaijua. Saruji unaijua, nondo unaijua, hongo za maofisa unazijua. Faida imekaa kwenye muda. Fedha za Poddar-ji zina riba inayokula usiku na mchana, hata Jumapili. Nyumba ikiwa tupu mwezi wa Agrahayan, baada ya mvua, msingi unachimbwa kwenye udongo mkavu na sote tunacheka. Ikichelewa miaka miwili, tunamjengea Poddar-ji kwa jasho letu. Kwa hiyo jedwali zima, kurasa kumi na nne, limening'inia kwenye kisanduku kimoja kinachoitwa "mpangaji wa juu".

Nilijaza safu ya kati: Agrahayan. Kando nikaandika sababu: "umri, kifua, ngazi". Kifua nilikisikia alipokuwa anamimina chai, kinanguruma.

Nilipoandika sikuhisi chochote. Nataka hilo likumbukwe.

Asharh, tarehe 17

Mafuriko hadi magotini. Tumekula kichuri, wali wa dengu, na bilinganya za kukaanga. Mpwa wa mwenye nyumba wetu amekuja kutoka Bangalore, eti kumwona mjomba mgonjwa. Ma anasema ana viatu vizuri.

Asharh, tarehe 26

Kikao cha kwanza. Poddar-ji huanza na safu ya shari, kama mtu anayekula pilipili kwanza.

"Mauzo haya mmeyapunguza mwezi wa Bhadro," akasema. "Mbona ile kampuni ya Gurgaon iliniletea mauzo sawa kila mwezi?"

"Kwa sababu hawajawahi kumwuzia Mbengali nyumba, Poddar-ji. Bhadro hakuna anayeoa, anayehama wala anayelipa hata rupia ya kwanza. Hata ukimpa bure atakuambia uje Ashwin, mwezi unaofuata."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Halafu kidole chake kikashuka kwenye kisanduku. "Na huyu bibi? Vibibi vya nyumba za kale havifi, binti. Hukauka tu. Una hakika?"

"Nimempa sababu tatu."

"Mchunguze. Kabla sijatoa fedha nataka habari zake mpya."

Hiru-babu alinikonyeza. Nilirudi nyumbani nikimwazia Ma ndani ya lifti, anabonyeza kitufe kwa kidole kimoja kama malkia.

Srabon, tarehe 5

Nimekwenda tena. Maswali yale yale, sandesh zile zile. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Mume wangu alikuwa karani wa bima ya maisha. Miaka thelathini. Kila jioni alikuja na makaratasi yake, tukila ananisomea. Huyu analala vizuri, huyu anapanda ngazi, huyu anakohoa. Nilikuwa namsaidia kukisia."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Basi niambie," akasema. "Katika hesabu zako ninakufa lini?"

"Mashima, si hivyo, tunakadiria tu nyumba itakapo..."

"Mwanangu, nina miaka themanini na moja. Usinizungushe. Mwezi gani?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya. Pengine kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza namba nikampa ya uongo. Nikamwambia, Agrahayan.

Akarudia jina la mwezi taratibu, kama anaonja chumvi. "Mchele mpya," akasema. "Wali wa maziwa, payesh ya sukari guru mpya. Ukimpata mume, mpikie. Agrahayan si mwezi mbaya." Halafu akainua ndoo. "Lakini umekosea. Kaa hapo usikilize."

Ngo, ngo, ngo, kwenda na kurudi. Mara mbili safari hii.

Srabon, tarehe 6

Leo nimekosea kujumlisha. Mimi.

Srabon, tarehe 14

Mchana, ofisini, mvua ikipiga bati la jirani, nilisikia ndoo kwenye ngazi. Nikatoka kutazama. Lakini ofisi yetu iko chini. Haina ngazi.

Srabon, tarehe 20

Nimejaribu kukibadilisha kisanduku. Nikaweka miaka mitano. Jedwali zima likageuka jekundu, ukurasa kwa ukurasa, na fleti yangu ikapotea nalo. Nikaweka mitatu, bado jekundu. Nikarudisha Agrahayan, likatulia. Ni mimi niliyelijenga liwe hivyo, lisimsikilize mtu anayebembeleza.

Ma ameanza kuchagua mapazia.

Nilimwambia Hiru-babu, "Tumwache bibi. Tumjengee chumba humo humo ndani."

"Chumba cha bure, mbele ya barabara? Weka kwenye jedwali, unionyeshe."

Nilikwisha kuweka. Alijua nilikwisha kuweka.

"Sutapa," akasema, si kwa ukali, "mimi sijamgusa yule mama. Sijatuma wahuni, sijakata umeme. Nangoja tu. Kungoja ni dhambi?"

Nangoja naye, na mimi ndiye ninayejua tunangoja nini.

Bhadro, tarehe 1

Afadhali. Mwezi huu, walivyosema bibi zetu, hata paka hafukuzwi nyumbani. Mwezi mzima wa kutofanya kitu. Joto la kuivisha tende, lakini moyo wangu mwepesi. Sitaisikia ndoo mpaka Ashwin.

Bhadro, tarehe 4

Naisikia. Nikifunga bomba la jikoni, naisikia. Ma anasema ni mabomba ya nyumba kuukuu.

Bhadro, tarehe 11

Dalali amemlalia Hiru-babu kwenye kiwanja cha Dumdum. Asubuhi nzima analia ofisini kwamba watu hawana utu. Mkuki kwa nguruwe.

Bhadro, tarehe 19

"Kikao ni Ashwin tarehe mbili," Hiru-babu ameniambia. "Poddar-ji anataka habari za bibi. Nenda wiki hii."

"Ni Bhadro, Hiru-babu."

"Sijakwambia ukamfukuze! Nenda kamsalimie. Salamu ina mwezi?"

"Akiniona mimi anajua."

"Anajua nini? Unampelekea sandesh!" Akashusha sauti. "Fleti yako ni ya ghorofa ya kwanza, upande wa kusini. Nimekuwekea. Wengine watatu wanaitaka."

Nilisema nitakwenda.

Bhadro, tarehe 22

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiyaacha ndani yatajipanga yenyewe vibaya zaidi.

Nilifika saa za maji, mchana, mfereji wa uani ukiwa umefunguka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Ngazi za nyumba ile hazina paa sehemu ya katikati, na vidato vimeota ukungu wa kijani. Bibhabati alikuwa chini tayari. Nadhani aliniona kutoka dirishani nikiingia kichochoroni na mwavuli wangu wa bluu. Alikuwa ameshika ndoo, imejaa hadi ukingoni.

"Umekuja Bhadro," akasema. Hakunikaribisha.

"Nimekuja kukusalimia tu, Mashima."

"Na wao wameshindwa kungoja hata Bhadro iishe?" Alionekana mdogo kuliko nilivyomwacha. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. "Haya, uliza."

"Siulizi kitu leo."

"Basi tazama."

Akaanza kupanda. Nilimfuata nyuma, mikono imebeba boksi la sandesh kama mjinga. Kidato cha kwanza hadi cha sita ndoo ilikuwa juu. Kuanzia hapo ikaanza kugonga. Nilisikia kifua chake, kile kifua nilichokiandika kando ya namba, kinakwaruza. Nikasema, "Mashima, itue. Tafadhali." Akazidi kupanda. Kwenye kona, pale mvua inapoingia, alisimama, bega limeegemea ukuta, maji yanamwagika miguuni pake.

Niliweka boksi chini. Nikapanda vidato viwili nikanyoosha mkono kuishika ndoo.

"Usiniguse!" akapiga kelele. "Ukinisaidia utaandika!"

Akaivuta ndoo kwake kwa nguvu. Mguu ukateleza.

Sitaandika mlio. Ndoo ilifika chini kwanza, ikabingirika uani, ikasimama.

Watu wa kichochoro walikuja, wakamlaza juu ya mlango uliong'olewa, wakampeleka hospitali. Mimi nilikaa kwenye kidato nikiokota sandesh zilizolowa, moja moja, sijui za nini. Niliogopa. Namna nilivyoogopa haikuwa ya mtu aliyeona ajali. Ilikuwa ya mtu aliyetaka kitu kimoyomoyo na sasa kimekuja kumbishia hodi.

Bhadro, tarehe 23

Nilirudi kumchukulia sari za kubadili. Nikamkuta Jhuma, anayefua na kuosha vyombo katika nyumba tatu za pale. Anajaza ndoo ile ile.

"Utapeleka wapi maji?" nikamwuliza. "Hayupo."

"Mazoea, dada. Kila siku nampandishia mimi."

"Kila siku? Si hubeba mwenyewe?"

Jhuma akafunga mfereji. "Mashima na moyo ule? Daktari alimkataza hata kubeba birika. Alikuwa anabeba siku zako tu. Akikuona kichochoroni ananiambia, Jhuma, lete ndoo upesi, wewe jifiche jikoni. Ukishaondoka analala kitandani siku mbili, namkanda miguu." Akaniangalia, hana hasira, anashangaa tu. "Mimi nilidhani mnacheza. Nilidhani ni mchezo wenu."

Bhadro, tarehe 25

Amefariki alfajiri. Sikuwepo. Muuguzi anasema aliuliza kama Bhadro imeisha.

Bhadro, tarehe 26

"Maskini," alisema Hiru-babu, na alimaanisha. Alifuta macho kweli. Akaagiza chai kwa ofisi nzima. Kisha, akichovya biskuti: "Lakini ndiyo dunia. Kufa kufaana."

Ashwin, tarehe 2

Kikao. Poddar-ji alifungua ukurasa, akashusha kidole, akainua macho kwangu kwa heshima ambayo nimeitamani tangu nianze kazi hii.

"Nilikuambia havifi," akasema. "Nilikosea mimi. Wewe umekosea miezi mitatu tu, na umekosea upande wa faida. Hiranmoy, huyu binti usimwache aondoke."

Wakapiga meza. Akatoa bahasha ya mradi mwingine kutoka mkobani: nyumba ya Shobhabazar, wazee wawili, mtu na dada yake. "Waangalie," akasema. "Naliamini jicho lako."

Nilikuwa nikisikia ndoo waziwazi kiasi cha kushangaa kwamba wao hawageuki.

Ashwin, tarehe 4

Hiru-babu alinionyesha ramani. Fleti yangu, ghorofa ya kwanza kusini. Nikapima kwa kidole. Jikoni pangekuwa pale kwenye kona ya ngazi, pale mvua inapoingia.

"Nipe nyingine. Jengo jingine lolote."

"Jingine sina bei hiyo. Hii, au hakuna."

"Basi hakuna. Na Shobhabazar simwendei mtu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mashine iliyozimika ghafla. "Utamwambia nini mama yako?"

Ashwin, tarehe 6

Ma hasemi nami. Mapazia ameyarudisha dukani mwenyewe, akashuka na kupanda ngazi zote hizi kwa magoti yale, ili nione.

Ashwin, tarehe 8

Mahalaya. Watu wameshuka mtoni kuwapa maji wafu wao, kwa majina. Bibhabati hana mtoto wala mpwa. Nikawaza nikamtajie mimi. Nimesimama kwenye ghati, ngazi zinazoshuka mtoni, maji nimeyashika viganjani, jina limefika mdomoni, nikayaachia maji. Mtu aliyekufa kwa kubeba maji utampa maji kwa uso gani? Nilirudi na sari imelowa hadi kiunoni, sikulitaja jina lake.

Ma aliponiona hivyo alinipikia chai bila kuombwa. Tumepatana.

Ashwin, tarehe 13

Mwenye nyumba wetu alifariki, akachomwa wiki iliyopita, hata sikuandika. Leo mlango umegongwa. Kijana, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Jina lake Ayushman. Ametumwa na mpwa wa Bangalore, ambaye sasa ndiye mrithi, "kuwafahamu wapangaji". Mkononi ana boksi la sandesh.

Nilitaka kumfungia mlango usoni. Ma alishafika. Ma anapenda wageni.

"Karibu, baba, kaa, loh, umelowa!" Akampa taulo, akampa kiti kizuri. Kijana akaketi, akaweka daftari juu ya goti, akatabasamu.

"Mashima, usingizi unapata?"

"Afadhali umeuliza wewe!" Ma akasema, akajiweka sawa kitini kwa raha ya mtu aliyepata msikilizaji. "Huyu binti yangu haulizi. Usingizi? Saa tisa macho kodo. Na magoti! Na moyo, baba, daktari anasema huu moyo..."

"Ma," nikasema.

"Niache niongee na mtoto wa watu."

"Na dawa, Mashima?"

Akazitaja zote. Alisimama kwenda kuzileta ili azisome vizuri majina.

Nikainama kwa kijana. "Msikilize vizuri," nikamwambia. "Huyu anapanda ngazi hizi mwenyewe. Kila siku. Na ndoo ya maji mkononi."

"Ndoo gani tena, wewe?" Ma alisema kutoka chumbani, akicheka. "Mimi huyu, hata birika linanishinda!"

Kijana alinitazama kwa adabu, adabu ile ile ninayoijua kwa ndani. Halafu akainamisha kichwa kwenye daftari. Kalamu haikuchukua muda. Aliandika tarakimu moja, na kando yake akaanza kuandika sababu.